Tiketi ya Pili

Mauricette Vauquelin alipozikwa, mumewe Roland hakutoa chozi. Alisimama kando ya kaburi, kofia mkononi, mvua ya Machi ikimchapa upara, akapokea pole za majirani mmoja baada ya mwingine, kisha akarudi nyumbani akawamwagia kuku ngano. Watu wakasema mzee yule amekauka kama kuni za mwaka juzi. Hawakujua kwamba tangu siku ya kifo cha mkewe hakuweza tena kuchemsha maziwa. Kiharusi kilimwangusha mkewe jikoni, sufuria ikiwa mekoni, na Roland alipoingia kutoka bandani alikuta maziwa yamefurika na kuungua, na Mauricette sakafuni, macho wazi, kiatu kimoja kimemtoka mguuni.

Wiki ya nne baada ya mazishi, kifungo cha koti lake kilikatika. Akafungua kisanduku cha kushonea cha marehemu, kitu ambacho hakuwahi kukigusa katika miaka arobaini na minane ya ndoa. Chini ya nyuzi na mikasi akakuta bahasha, na ndani ya bahasha, tiketi. Zilikuwa za matembezi ya kuongozwa katika mji wa kale wa Rouen, mbilimbili, kila jozi imebanwa kwa pini. Miaka kumi na moja mfululizo, na kila mwaka siku ileile: Alhamisi ya pili ya Mei.

Roland akaketi.

Kila mwaka mwezi wa Mei mkewe alikuwa akipanda basi kwenda Rouen kumwona daktari wa macho. Ndivyo alivyosema. Na kila mwaka, kabla ya kuondoka, alikuwa akimwambia, "Roland, safari hii twende wote. Nikimaliza kwa daktari tutembee kidogo mjini, tulitazame kanisa kuu."

"Na ng'ombe atawakamua nani? Askofu?"

Mauricette alikuwa akicheka kidogo, akafunga kitambaa chake kichwani, akaenda. Magoti ya Roland yalipokataa kazi na ng'ombe wakauzwa, yapata miaka mitatu iliyopita, alimwuliza tena. Roland akamjibu, "Nikatazame mawe? Mawe yamejaa hapa shambani, tena ya bure." Safari ile mkewe hakucheka.

Sasa tiketi zilikuwa mezani mbele yake, na mtu hanunui tiketi mbili kwa ajili yake peke yake. Katika kila jozi moja ilikuwa imechanwa pembe na mwenzake ilikuwa nzima kabisa, lakini Roland hakuliona hilo, kwa maana wivu hauna macho ya kutazama pembe. Aliona mbili tu. Akawaza: miaka kumi na moja nimelala na mwanamke aliyekuwa akienda kutembea na mtu. Alimtaka alie naye, na alimtaka amgombeze, na hakuweza lolote katika hayo, kwa kuwa marehemu hagombezeki.

Kalenda ya ukutani ilionyesha kwamba Alhamisi ya pili ya Mei haikuwa mbali. Yule mtu, awaye yote, asingekuwa na habari ya msiba. Angekuja kumngoja. Roland akaamua kwenda kumwona uso.

Siku ilipofika alivaa suti ya mazishi kwa sababu hakuwa na nyingine, akapanda basi la asubuhi pamoja na wanafunzi na wauguzi. Malisho ya nchi ya Bray yakapita dirishani, mabichi, yamelowa, ng'ombe wa watu wengine wakiwa ndani yake. Alifika Rouen saa nne kasorobo, akauliza njia mara mbili, akanunua tiketi kwa binti mmoja aliyemwita "babu" kwa upole, kisha akaenda kusimama na wengine mbele ya kanisa kuu, chini ya manyunyu.

Walikuwa watu kama kumi na wanne. Roland akawachuja mmoja mmoja kama achaguaye ndama mnadani. Alikuwa akimtafuta mwanamume wa makamo yake, pengine mjane, pengine huyohuyo daktari wa macho. Akamwona mmoja mwenye skafu ya hariri na masharubu yaliyochongwa, akamkazia macho mpaka yule bwana akageuka pembeni kwa haya. Kisha mke wa bwana huyo akaja na vikombe viwili vya kahawa.

"Na wewe mzee wangu, uko peke yako?" aliuliza mama mmoja mnene mwenye mwavuli wa njano. Alijitambulisha kuwa Bi Solange, mwalimu mstaafu wa Lyon, na bila kungoja jibu akamfunika Roland kwa nusu ya mwavuli wake. "Njoo huku, usije ukapata kikohozi. Mume wangu angekuwepo angesema napenda kuokota watu."

"Yuko wapi?"

"Alinitoroka miaka kumi iliyopita. Akaenda mbinguni bila kuniaga." Alisema hivyo kama aelezaye hali ya hewa. "Wako je, mkeo?"

Roland hakuwahi kujibu, kwa kuwa sauti ilisikika nyuma yao ikiwasalimu watu, na sauti hiyo ilikuwa ya Ludovic.

Ludovic alikuwa mwanawe wa kwanza, na alikuwa amekufa miaka kumi na saba iliyopita. Trekta lilimpindukia mtelemkoni, siku ya kukata majani. Siku hiyo zamu ya trekta haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake Sylvain, lakini Sylvain, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na kichwa kilichojaa vitabu, alikuwa ameomba ruhusa aende Rouen na wenzake wa shule kutazama makanisa, na kaka yake alikuwa amemwambia nenda, nitakushikia. Siku ya kumzika Ludovic, nyumba ikiwa imejaa watu, Roland alisimama mbele ya jeneza akamtazama yule aliyebaki, akasema kwa sauti iliyosikiwa na wote: "Mauti yamekosea mtoto."

Neno moja tu. Ulimi hauna mfupa. Kesho yake asubuhi Sylvain hakuwamo kitandani mwake, na tangu siku ile jina lake halikutajwa mezani mwa Vauquelin.

Roland akageuka. Mtu aliyekuwa akisalimia wageni alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na sita, koti la mvua la bluu, beji kifuani, mvi mbili tatu juu ya masikio. Sauti ilikuwa ya kaka yake, lakini uso ulikuwa wa Mauricette mtupu, hata ule mkunjo kati ya nyusi. Alikuwa akihesabu watu kwa kidole. Kidole kikafika kwa Roland, kikasimama hewani.

Kisha Sylvain akafanya jambo ambalo baba yake hatalisahau. Hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake, juu ya bega lake, huku na huku kwenye uwanja, kama mtu anayejua ni nani anayekuja na anataka tu kuona ameachwa wapi.

Alipomkosa, akasogea.

"Baba."

"Sylvain."

"Amekuja nawe? Mama yuko wapi?"

Hapo ndipo Roland alipoelewa. Akaelewa daktari wa macho, na bahasha, na kwa nini siku ileile kila mwaka. Yote yalimwingia kwa mkupuo. Watu kumi na wanne walikuwa wakingoja. Bi Solange alikuwa ameshika mwavuli juu ya vichwa vyao akitabasamu, hana habari. Mwanawe alikuwa mbele yake baada ya miaka kumi na saba, na machoni mwake hamkuwa na chuki. Kama angekuta chuki angeweza kusema. Lakini alikuta kitu kama woga wa furaha, ule wa mtu aliyeletewa zawadi na hajaamini kwamba ni yake.

"Hakuja leo," Roland akasema.

"Miguu?"

"Ndiyo. Miguu."

"Nilimwambia mwaka jana apumzike. Hasikii." Sylvain akajifuta uso, pengine mvua. "Lakini amekuleta wewe. Sikutegemea. Sikiliza, siwezi kuwaacha hawa. Ni saa mbili tu. Utaweza kutembea?"

"Nitaweza."

"Tukichoka tutakaa. Usiende popote, Baba."

Akarudi mbele ya kundi, akaanza kazi yake.

Roland hakuwa ameona kazi ya mwanawe hata siku moja. Sasa aliiona. Sylvain aliyafanya yale mawe yaongee. Aliwaonyesha mlango wa kanisa kuu na watakatifu wake waliokatika pua, akawainua macho hadi kwenye mnara wa kuume, akawaambia kwamba watu huuita Mnara wa Siagi, kwa kuwa inasemekana ulijengwa kwa michango ya waumini waliotaka ruhusa ya kula siagi wakati wa Kwaresima.

"Kuna mama mmoja wa Bray, mke wa mfugaji," Sylvain alisema, "kila akifika hapa huutazama mnara huu kwa muda mrefu, halafu ananiambia: mwanangu, hapo juu kuna ng'ombe wengi sana."

Watu wakacheka. Sylvain alikuwa akimtazama baba yake aliposema hivyo, na alikuwa akicheka pia. Roland alijilazimisha kutabasamu.

"Kijana ana maneno," Bi Solange alimnong'oneza. "Mnafahamiana?"

"Ni mwanangu."

"Unaona sasa! Na umekaa kimya kama mwizi. Ningekuwa mimi ningetangaza barabara nzima." Akamshika mkono. "Heri yako, mzee. Wangu wako Kanada, wananipigia simu Krismasi."

Wakapita chini ya saa kubwa ya mjini, ile yenye mshale mmoja tu, watu wakainua shingo na simu zao. Sylvain aliwaachia dakika tano za kupiga picha, akaja moja kwa moja kwa Roland. Alitembea haraka kama anayeogopa kwamba mzee atayeyuka.

"Leo umeitumia tiketi yako mwenyewe," alisema.

"Tiketi yangu?"

"Hakukwambia? Kila mwaka ananunua mbili. Mara ya kwanza alikuja kwa bahati tu, alikuwa na miadi ya macho kweli, akapita hapa akanisikia. Mwaka uliofuata akaja na tiketi mbili. Namwambia, Mama, mimi ni mwanao, huna haja ya kulipa, tena mbili za nini? Ananiambia nyingine ni ya baba yako. Huenda atabadili mawazo akanifuata na basi la pili." Sylvain akatazama viatu vyake. "Nilikuwa nikimkasirikia, kusema kweli. Niliona anajidanganya. Kila mwaka tukifika hapa chini ya saa anageuka nyuma kutazama njia ya kituo cha basi."

Roland alishika ukuta. Ulikuwa wa baridi na umelowa. Aliwaza juu ya askofu na kukamua ng'ombe, na jinsi mzaha ule ulivyokuwa ukimpendeza.

"Umechoka?"

"Hapana."

"Kwa hiyo alikwambiaje hatimaye? Alianzaje?"

Ilikuwa nafasi. Watu walikuwa mbali, na kelele za mtaa zingefunika lolote. Roland alifungua mdomo. Na mwanawe alikuwa ameinama kidogo kumsikiliza, kichwa upande, vilevile kama Mauricette alivyokuwa akifanya kwa sababu ya sikio lake la kushoto lililokuwa zito.

"Alisema tu niende nikatazame," Roland akasema.

Sylvain akacheka kwa pumzi. "Ndiye huyo. Hana maneno mengi."

Yule bwana wa skafu akaita akitaka kujua kondoo waliochongwa juu ya tao maana yake nini, na nafasi ikapita.

Wakaenda hadi Soko la Kale, mahali alipochomwa moto yule msichana aliyeongoza jeshi la Ufaransa zamani, na Sylvain akasimulia bila madoido, na watu hawakucheka. Wakarudi kwa vichochoro vya nyumba za mbao zilizoinama mpaka karibu zigusane vipaji vya nyuso. Kila kituo kilikuwa nafasi, na kila kituo Roland aliiacha. Alijiambia: akimaliza kusimulia hili. Akajiambia: mwache avuke barabara kwanza. Uwongo mdogo alioutoa asubuhi ulikuwa umezaa, na wana wake walikuwa wakitembea nyuma yake kundi zima. Mara mbili mwanawe alimsubiri kwenye ngazi akampa mkono. Ule mkono ulikuwa laini, hauna sugu. Zamani angeudharau.

Kituo cha mwisho kilikuwa nyuma ya kanisa la Mtakatifu Maclou, uwanja uliozungukwa na majengo marefu ya mbao, miti michache katikati. Palikuwa makaburi ya wakati wa tauni. Kwenye boriti kulikuwa kumechongwa mafuvu, mifupa, sepetu na majeneza, yamekuwa meusi kwa uzee. Sylvain alieleza kwamba wafu walikuwa wengi mno, mifupa ikawa inafukuliwa na kupandishwa darini kuwapisha wapya.

"Huyu mama wa Bray anasema nini hapa?" Bi Solange aliuliza, akimkonyeza Roland.

"Hapa hasemi kitu," Sylvain alijibu. "Hapa anakaa kwenye benchi lile ananingoja nimalize, halafu tunakwenda kula."

Akawashukuru. Wakapiga makofi, wakampa mikono, wengine wakamtilia kitu kiganjani. Bi Solange alimbusu Roland mashavuni, akamwambia amsalimie mkewe, akaondoka na mwavuli wake. Uwanja ukabaki na baba na mwana na njiwa.

Sylvain alikaa kwenye benchi. Uso ulikuwa umemchangamka, kijana tena. "Kuna mahali hapa karibu wanapika utumbo kama wa nyumbani. Mama anasema wanazidisha vitunguu, lakini anamaliza sahani. Twende. Lakini kwanza nimpigie."

"Nani?"

"Mama. Sasa naweza kupiga nyumbani, sivyo? Miaka yote hii nimeikumbuka namba ya simu ya jikoni na sijawahi kuipiga." Alikuwa amekwisha kutoa simu. "Nimwambie umefika salama. Atalia, utaona."

"Sylvain."

"Dakika moja tu."

Simu ikaita. Alikuwa ameifungulia spika ili wasikie wote wawili. Roland aliisikia ikiita hapo benchini, na akaisikia pia kule ilikokuwa inaita: juu ya kabati, karibu na jiko alilolisugua kwa chumvi na siki na bado likanuka maziwa. Ikaita mara tano. Ikaita mara nane. Hakuna mtu katika nyumba ile wa kuipokea.

"Labda yuko kwa kuku," Sylvain alisema.

"Zima."

"Tumpe muda, na miguu ile..."

"Zima, mwanangu. Mama yako amekufa."

Simu iliendelea kuita. Sylvain hakuizima. Aliitazama tu kiganjani, mpaka ikajikatia yenyewe.

"Lini?"

"Machi. Tarehe ishirini na moja. Alianguka jikoni. Hakuteseka, daktari alisema."

"Sasa ni Mei."

"Ndiyo."

"Ameshazikwa."

"Kando ya kaka yako. Sikujua ulipo, Sylvain. Naapa. Nilikuta tiketi kwenye kisanduku chake, sikujua ni zako, nilidhani..." Akakatisha, kwa kuwa aliona aibu ya alichodhani. "Sikujua."

"Hukuuliza."

"Ningemwuliza nani?"

"Yeye. Ulikuwa naye mezani kila siku." Sylvain alisema bila kupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Miaka kumi na saba. Ungesema tu, Mauricette, huyu mtoto yuko wapi. Angekwambia hapohapo. Alikuwa akilingoja swali hilo. Kila nikimwuliza kama umenitaja, alikuwa ananiambia, bado, lakini juzi aliitazama picha yako. Nikajua anatunga."

Ni kweli picha ilikuwapo ukutani, na ni kweli Roland hakuwa ameitazama.

"Saa mbili," Sylvain akasema. "Saa mbili umenifuata. Nimekuchekesha. Nimekushika mkono kwenye ngazi. Nimemtaja mbele ya watu kama mtu aliye hai, nawe unatabasamu."

"Nilishindwa. Ulikuwa na furaha."

"Ndiyo. Nilikuwa nayo."

Alijikunja, viwiko magotini, viganja usoni. Mabega yakaanza kumtikisika bila sauti. Roland alinyoosha mkono, akauweka juu ya lile koti la bluu. Mwanawe hakumsukuma. Aliinuka tu, akasimama hatua tatu mbali, na mkono wa mzee ukabaki juu ya ubao wa benchi.

"Lile neno," Roland alianza. "Siku ile ya jeneza. Neno nililolisema..."

"Usilitaje."

"Nataka kuliondoa. Nimekuwa nikitaka..."

"Baba, usilitaje leo. Kama ungelitaja mama akiwa hai ningelisikia. Leo unalitaja kwa sababu umebaki peke yako na nyumba ni tupu." Akapangusa pua kwa mkono wa koti, kama mtoto. "Pengine sikutendei haki. Lakini ndivyo nitakavyolisikia, kwa hiyo heri uliache."

Kundi la wanafunzi liliingia uwanjani na mwalimu wao, likapita katikati likishangilia mafuvu. Wakangoja lipite.

"Nitakuja kumwona," Sylvain alisema. "Jumapili ijayo. Nitakuja mchana. Ninaomba jambo moja tu."

"Lolote."

"Usiwepo. Sitaki kukukuta makaburini, wala nyumbani, wala njiani. Nataka kuwa naye bila kukutazama wewe. Unaweza kunifanyia hilo?"

"Naweza. Jumapili nina mahali pa kwenda hata hivyo," Roland alisema, na hakuwa na mahali popote duniani.

Sylvain aliitikia kwa kichwa. Alisema ana kundi jingine saa nane. Akamwelekeza njia ya kituo cha basi kwa ukamilifu, kushoto, kulia, taa ya pili, sauti ile ya kazini, kisha akaondoka kupitia kichochoro. Roland alikaa kwenye benchi la mkewe mpaka mvua ilipomfikia ngozi. Basi alilopanda halikuwa na mtu anayemjua, na alishukuru.

Jumapili aliondoka nyumbani saa tatu asubuhi ili asije akachelewa kutokuwepo. Alikuwa amefagia ua, ameukata ukoka wa makaburini kwa mundu jana yake, na mlango wa jikoni aliuacha bila kufunga kwa ufunguo, kama mtu angependa kuingia. Aliendesha gari hadi Neufchâtel, akaliegesha kwenye uwanja wa duka kubwa lililokuwa limefungwa, akakaa ndani yake. Alikuwa na mkate na kipande cha jibini, hakuvigusa. Mchana kutwa alitazama vitoroli vya duka vilivyofungwa mnyororo. Kila dakika ilikuwa inampa sababu ya kuwasha gari na kurudi: aseme amesahau dawa, aseme kuku. Aliushika usukani kwa mikono miwili kama mtu ambaye gari linamtoroka ingawa limesimama. Saa kumi na mbili ndipo alipowasha.

Huguette, jirani yake mjane, alikuwa langoni kwake akimngoja, aproni kiunoni.

"Wewe ulikuwa wapi?" alimwuliza. "Mwanao kaja. Nimemjua kwa mwendo. Kakaa kaburini karibu saa nzima."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake wapi? Na mkewe, na kibinti. Kama miaka minne hivi. Kinaruka madimbwi kimevaa viatu vyekundu." Huguette alimtazama. "Usiniambie hukujua."

Roland hakumwambia.

"Kinafanana na Mauricette, nisikufiche. Hata ule mkunjo hapa katikati. Kikaniuliza babu anakaa wapi, nikakionyesha nyumba. Baba yake akakishika mkono, wakaingia garini."

"Waliingia nyumbani? Hata jikoni?"

"Hapana. Waliitazama tu kutoka barabarani. Ulikuwa wapi, Roland? Siku zote uko hapa kama gogo, siku moja tu unayotakiwa, haupo."

"Nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani ya Jumapili?"

Alimpita, akaenda makaburini. Kulikuwa na ua la peoni jeupe juu ya Mauricette, na jingine dogo juu ya Ludovic, bua lake fupi, kama lilivyokatwa na mkono usiojua kukata. Kwenye tope kati ya makaburi mawili kulikuwa na nyayo. Kubwa za mwanamume, za wastani za mwanamke, na nyingine ndogo sana zilizozunguka kila mahali bila utaratibu. Roland alisimama pembeni kwenye nyasi, asije akazikanyaga. Kwa magharibi wingu lilikuwa limejaa, na alijua, kama mkulima ajuavyo, kwamba hazitadumu hadi asubuhi.

Hakuna aliyemwambia kama watarudi. Hakuandikiwa, wala simu ya jikoni haikuita. Lakini Jumapili iliyofuata alifagia tena ua, akaacha mlango wazi, akaondoka saa tatu. Na ile iliyofuata. Huguette alimwona akipita na gari, safari ya nne ama ya tano, akamwambia dada yake kwamba mzee Vauquelin amepata mwanamke mjini, na mkewe hata nyasi hazijamwotea kaburini.